Roboti, mkono uliopooza na glasi ya maji: uchambuzi wa jaribio la RATULS

Kuna kipimo kimoja ambacho sisi wa fiziotherapia tunakitumia kwa mgonjwa wa kiharusi, na mimi nakipenda kuliko vyote. Mgonjwa anakaa mezani. Mbele yake kuna glasi mbili, moja ina maji. Kazi yake ni kumimina maji kutoka glasi hii kwenda ile kwa mkono ulioathirika. Basi. Lakini ukitulia ukaangalia, utaona kazi nzito iliyofichika humo: bega litulie, kiwiko kinyooke kiasi, vidole vifunguke vya kutosha kuizunguka glasi, vifunge bila kuibana mno, kisha mkono ugeuke taratibu huku glasi ikibaki hewani. Wengi hukwama hapo kwenye kugeuka. Asiyeweza kugeuza kiganja hulaza mwili mzima upande, kama jahazi lililoelemewa na upepo, ilimradi maji yatoke.

Bibi mmoja niliyemhudumia aliitazama ile glasi muda mrefu kabla ya kuigusa.

"Mwanangu, na nikimwaga?"

"Ukimwaga tutapangusa, bibi. Wewe mimina."

Maji mengi yaliishia mezani. Nikamwandikia 1: ameweza sehemu ya kazi, hajaimaliza. Angemaliza kwa shida au kwa kuchukua muda mrefu kupita kawaida, ningempa 2. Angemimina kama mtu yeyote, 3.

Kipimo hicho kwa kifupi kinaitwa ARAT. Kilitolewa mwaka 1981, kina vipengele 19, na jumla ya alama zake ni 57. Mbali na glasi, kuna vipande vya mbao vya mraba, kuanzia kidogo cha sentimita 2.5 hadi kikubwa cha sentimita 10, ambavyo mgonjwa huvitoa mezani na kuviweka kwenye rafu iliyo juu ya meza kwa sentimita 37. Kuna mpira wa kriketi, jiwe la kunolea kisu, na gololi ndogo za kuokota kwa dole gumba na kidole kimoja tu. Mwisho kabisa mgonjwa anaambiwa aweke kiganja nyuma ya kichwa, juu ya utosi, kisha mdomoni. Kila kipengele kinauliza jambo moja: mkono huu unaweza kufanya kazi gani? Nimekieleza kwa kirefu kwa sababu kisa ninachokichambua kiliamuliwa na alama hizohizo, na asiyezielewa hawezi kuelewa kwa nini roboti ya kifahari, iliyosifiwa kwa miaka zaidi ya 20, ilitoka kwenye jaribio kubwa la Uingereza bila ushindi.

Jaribio hilo linaitwa RATULS. Liliongozwa na Profesa Helen Rodgers wa Chuo Kikuu cha Newcastle, likafanyika katika vituo 4 nchini Uingereza, na kuandikisha wagonjwa kuanzia Aprili 2014 hadi Aprili 2018. Matokeo yake yalichapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2019. Wagonjwa walikuwa 770, wote wakiwa na mkono uliodhoofika kwa kiwango cha kati au kikubwa, yaani alama za ARAT kati ya 0 na 39. Muda tangu kiharusi ulitofautiana sana: wapo waliokuwa na wiki moja tu, na wapo waliokuwa wametimiza karibu miaka 5. Jambo hilo liweke akilini, nitalirudia.

Roboti yenyewe ina historia nzuri. Neville Hogan na Hermano Igo Krebs walianza kuitengeneza pale MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1994 ikaanza kujaribiwa kwa wagonjwa katika hospitali ya Burke iliyoko White Plains, jimbo la New York. Wakaiita MIT-Manus, jina lililotokana na kaulimbiu ya Kilatini ya chuo chao inayomaanisha akili na mkono. Wazo lake kuu lilikuwa la kiungwana. Mashine nyingi za viwandani zikiambiwa zisogeze kitu hukisogeza kwa nguvu, ukiingia njiani zinakuvunja. Hogan alitaka mashine laini, inayosikia mkono wa mtu. Mgonjwa akijisogeza mwenyewe, mashine inamwacha. Akikwama, inamsindikiza. Akipotoka njia, inamrudisha taratibu, jinsi mzazi anavyoshika kiwiko cha mtoto anayejifunza kuandika.

Kikao chenyewe kinakuwa hivi. Mgonjwa anakaa kwenye kiti, mabega yamefungwa kwa mikanda ili asidanganye kwa kuinama. Mkono wa mbele unalazwa kwenye kibebeo na kufungwa, kiganja kimeshika mpini. Mbele yake kuna skrini yenye nukta katikati na shabaha 8 kuizunguka, zimepangwa mduara. Shabaha moja inawaka, anaipeleka nukta pale, anarudi katikati, inawaka nyingine. Kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mamia kwa mamia. Mashine inahesabu kila safari, inampa alama, na kadiri anavyopata nguvu inapunguza msaada. Upo mchezo wa kufukuza na upo wa kulenga, na wagonjwa wengi huufurahia. Baada ya sehemu ya bega na kiwiko kuna sehemu ya kifundo cha mkono, kisha ya kiganja. Katika RATULS vyote vilitumika, hivyo hakuna wa kusema mashine ilikatwa mkono mmoja kabla ya pambano.

Kwa nini watu waliitegemea sana? Sababu ni hesabu. Watafiti wa Marekani na Kanada waliwahi kuhudhuria vikao 312 vya mazoezi ya wagonjwa wa kiharusi katika vituo 7 na kuhesabu kila tendo. Walichapisha mwaka 2009. Katika kikao chenye mazoezi ya mkono ya kutenda kazi, wastani ulikuwa marudio 32. Thelathini na mawili! Wakati huohuo, tafiti za wanyama zilizoonyesha ubongo ukijipanga upya zilitumia mamia ya marudio kwa siku. Niliposoma takwimu hiyo mara ya kwanza nilijihesabu mwenyewe siku moja kazini, na sikufika 40. Muda unaliwa na kumhamisha mgonjwa kutoka kitini, kumfariji, kuongea na ndugu zake, kumnyoosha misuli iliyokakamaa, na kabla hujakaa sawa saa imekwisha. Roboti ilikuja na jibu la moja kwa moja: zaidi ya marudio 1,000 kwa kikao, bila kuchoka.

Kabla ya RATULS kulikuwa na dalili kwamba jibu hilo halijakamilika. Mwaka 2010, jaribio la hospitali za maveterani wa Marekani liliwachukua watu 127 waliopata kiharusi angalau miezi 6 kabla, wastani wao ukiwa karibu miaka 5. Baada ya wiki 12, waliotumia roboti hawakuwazidi kwa uhakika wale wa huduma ya kawaida. Baada ya wiki 36 walionekana kuwazidi kwa alama karibu 3 kati ya 66 kwenye kipimo cha Fugl-Meyer, kinachopima jinsi mkono unavyojongea. Lakini kulikuwa na kundi la tatu, lililofanyishwa mazoezi ya nguvu ileile na binadamu, marudio yakilinganishwa na ya mashine, na kati ya hao na roboti hapakuwa na tofauti. Hilo lilinigusa sana. Maana yake palipokuwa na faida, ilitoka kwenye wingi wa marudio, na wingi huo mtu anaweza kuutoa pia akipewa muda.

Waandaaji wa RATULS waliliona hilo, ndiyo maana nao walipanga makundi matatu. Wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu: 257 wakaenda kwa roboti, 259 wakaenda kwenye mazoezi ya ziada ya mkono na mtaalamu, 254 wakabaki na huduma ya kawaida ya mfumo wa afya wa Uingereza. Makundi mawili ya kwanza nayo yaliendelea kupata huduma hiyo ya kawaida, mazoezi yakawa nyongeza: dakika 45 kwa kikao, mara 3 kwa wiki, wiki 12. Ukizidisha, ni saa 27 kwa mtu aliyehudhuria vikao vyote.

Hayo mazoezi ya ziada ya kundi la pili ndiyo sehemu ya kisa inayopuuzwa, na kwangu ndiyo yenye utajiri. Haikuwa kunyoosha mikono hewani. Mgonjwa aliulizwa anataka mkono wake ufanye nini, kisha kazi hiyo ikavunjwavunjwa vipande na kurudiwa tena na tena. Anayetaka kunywa chai anafanya mazoezi ya kushika kikombe. Anayetaka kufunga vifungo vya shati anafunga vifungo. Angekuwa mgonjwa wetu wa Tanga au Lamu, orodha ingekuwa nyingine: kukuna nazi, kusonga ugali, kujifunga kanga, kumega tonge kwa mkono wa kulia. Hilo la mwisho watu wa nje hawalijui uzito wake. Mzee aliyepooza kulia, akilazimika kula kwa kushoto mbele ya wageni, anaweza kuacha kabisa kula na watu. Nimewaona wanaosubiri wenzao waondoke mkekani ndipo wale.

Sasa matokeo. Miezi 3 baada ya kuanza, kila mgonjwa alipimwa ARAT na mtu ambaye hakutakiwa kujua yuko kundi gani. Kufanikiwa kuliwekewa vigezo mapema kulingana na mtu alikoanzia: aliyeanza na alama 0 hadi 7 alihesabiwa amefanikiwa akiongeza 3, na aliyeanza na 20 hadi 39 alitakiwa kuongeza 6. Kwa roboti walifanikiwa 103 kati ya 232 waliopimwa, sawa na 44%. Kwa mazoezi ya ziada, 118 kati ya 234, yaani 50%. Kwa huduma ya kawaida, 85 kati ya 203, yaani 42%.

Wengi wanaosimulia kisa hiki huishia hapo na kutangaza kwamba roboti imeshindwa na mikono ya watu imeshinda. Natamani ingekuwa hivyo, maana ndiyo kazi yangu. Sivyo. Tofauti ya 50% na 42% inavutia macho, lakini hesabu za takwimu zinasema inaweza kuletwa na bahati tupu, na wenyewe waliofanya jaribio waliandika wazi kwamba si roboti wala mazoezi ya ziada yaliyothibitika kuboresha utendaji wa mkono kuliko huduma ya kawaida. Kati ya 44% na 42% ndiyo kabisa hakuna cha kujadili. Mtu mkweli anayesoma matokeo haya anatoka na habari mbili ngumu kwa pamoja: mashine haikusaidia kama ilivyotarajiwa, na saa 27 za binadamu nazo, kwa kipimo kikuu, hazikutosha kujithibitisha.

Lakini angalia vipimo vingine vilivyochukuliwa siku hiyohiyo. Kipimo cha Fugl-Meyer, kilichotoka Sweden mwaka 1975, hakiulizi kazi. Kinauliza kama kiungo kinaweza kujongea: inua bega bila kukunja kiwiko, nyoosha vidole, geuza kifundo. Kwenye kipimo hicho makundi yote mawili ya mazoezi yalifanya vizuri kuliko huduma ya kawaida. Roboti iliuamsha mkono kidogo, hilo halina ubishi. Kisha wagonjwa wakaulizwa kuhusu maisha ya kila siku, kuvaa, kuoga, kujihudumia, na hapo kundi la mazoezi ya ziada likaonyesha nafuu dhidi ya huduma ya kawaida, la roboti halikuonyesha.

Hapo ndipo moyo wa kisa ulipo, nami nitakaa hapo kidogo.

Mkono unaojongea na mkono unaofanya kazi ni vitu viwili. Mgonjwa wa roboti alirudia maelfu ya safari za kwenda na kurudi, lakini uzito wa mkono ulibebwa na kibebeo, kiganja kilishikizwa mpini, na njia ya bega na kiwiko ilikuwa bapa kama meza. Nje ya chumba kile dunia haiko hivyo. Ukitaka kuchukua kikombe kabatini unaubeba mkono wako mwenyewe, nao wa mtu mzima una kilo kadhaa. Kwa aliyepata kiharusi, kule kuubeba tu kunakorofisha mambo: bega likipanda, kiwiko kinajikunja chenyewe na vidole vinajifunga ngumi, kwa sababu njia za ubongo zilizokuwa zikitenganisha misuli hiyo zimeharibika na zilizobaki zinaamrisha yote kwa mkupuo. Ukimwondolea mgonjwa uzito, fundo hilo linalegea na anafika kwenye shabaha vizuri. Akirudishiwa uzito nyumbani, fundo linarudi. Pia kufika si kushika. Kikombe kinataka vidole vifunguke kabla ya kukifikia, vikadirie upana, vijue joto. Na kazi nyingi za nyumbani zinataka mikono miwili kwa wakati mmoja, wakati roboti inafundisha mmoja.

Kuna jambo jingine ambalo kila fundi wa mazoezi analijua kwa kuona. Mgonjwa akijua kuna wa kumsaidia, hulegeza. Hafanyi kwa makusudi, mwili wenyewe unatafuta nafuu. Watengenezaji wa roboti walijitahidi kulizuia hilo kwa kupunguza msaada hatua kwa hatua, lakini kishawishi hakikwishi. Edward Taub, mwanasaikolojia wa Marekani, alionyesha upande wa pili wa jambo hili miaka mingi iliyopita: mkono ulioshindwa mara nyingi mwanzoni hufundishika kutotumika, hata uwezo unaporudi. Tiba iliyotokana na kazi yake ni kuufunga mkono usioathirika ndani ya glavu nene kwa saa nyingi za siku, ili ule mgonjwa usiwe na pa kujificha. Jaribio kubwa la tiba hiyo la mwaka 2006, lenye wagonjwa 222, lilionyesha faida iliyodumu, ingawa linahitaji mtu ambaye tayari vidole na kifundo vinajongea kidogo. Wagonjwa wengi wa RATULS wasingefuzu hapo.

Nina mashaka yangu pia juu ya jaribio lenyewe, na ni haki kuyasema. La kwanza ni lile la wiki moja hadi miaka 5. Ubongo wa mtu mwenye wiki 3 uko kwenye kipindi cha kujirekebisha wenyewe, mkono unapanda alama karibu lolote ufanyalo. Wa miaka 4 umetulia. Kuwachanganya kunasaidia kusema jambo kwa wagonjwa wote, lakini kunaweza kufunika faida ya kundi moja dogo. Ndiyo maana sishangai kwamba 42% ya watu wasioongezewa chochote nao walifikia kigezo. Wengine walikuwa wanapona tu, na kwa aliyeanza chini kabisa alama 3 si mlima.

La pili lipo wazi kwenye takwimu zenyewe na sijaona likizungumzwa sana. Makundi mawili ya mazoezi kila moja lilikosa watu 25 siku ya kupimwa. La huduma ya kawaida lilikosa 51. Mara mbili. Mtu aliyeambiwa na bahati nasibu kwamba hapati roboti wala mazoezi ya ziada anaweza kukata tamaa, asione sababu ya kurudi kupimwa, na huwezi kujua waliopotea walikuwa wazima kuliko waliobaki au wagonjwa zaidi. Halibatilishi jaribio. Linapunguza uhakika.

La tatu ni kipimo cha dozi. Saa 27 zilizotawanywa wiki 12 ni nyingi ukilinganisha na tulivyozoea, ni chache ukilinganisha na kazi inayotakiwa. Pale Queen Square, London, kuna programu ya mkono ambayo mgonjwa hukaa nayo wiki 3 na kupata saa 90. Ripoti yao ya mwaka 2019 ilikuwa na watu 224, wengi wakiwa wamepita muda ambao vitabu vya zamani husema mkono hauwezi tena kubadilika, na bado walipiga hatua zilizodumu miezi 6. Programu hiyo haikuwa na kundi linganishi, kwa hiyo siwezi kuiweka mizani moja na RATULS. Lakini inanifanya niulize kama tatizo la roboti lilikuwa uroboti wake au ule uchache wa saa. Uingereza yenyewe imeelekea huko: mwongozo wao wa kitaifa wa mwaka 2023 unataka mgonjwa anayeihitaji tiba ya kumrudishia uwezo apewe angalau saa 3 kwa siku, siku 5 kwa wiki.

Gharama nazo zilihesabiwa. Kwa miezi 6, wastani wa gharama kwa mgonjwa ulikuwa pauni 5,387 upande wa roboti, 4,451 upande wa mazoezi ya ziada, na 3,785 upande wa huduma ya kawaida. Watafiti wakahitimisha kwamba roboti, kwa namna ilivyotumika pale, haifai kuingizwa kwenye huduma ya kila siku. Napenda maneno hayo ya "kwa namna ilivyotumika pale". Ni watu waangalifu. Hawakusema roboti zote ni bure, na mapitio makubwa ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio 45 yenye watu 1,619, yalikuta faida kwenye nguvu na utendaji wa mkono kwa mashine za aina mbalimbali. Majaribio mengi kati ya hayo yalikuwa madogo. RATULS peke yake ilikuwa karibu na nusu ya watu wote hao kwa pamoja, ndiyo maana sauti yake inasikika zaidi.

Kwa nini mtu wa kwetu ashughulike na jaribio la Uingereza? Kwa sababu kiharusi chetu hakijaja kutembea. Utafiti uliofanyika Tanzania kati ya mwaka 2003 na 2006, katika wilaya ya Hai na Dar es Salaam, ukachapishwa mwaka 2010, ulikuta Dar wagonjwa wapya 315.9 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, baada ya kurekebisha tofauti za umri. Ni kati ya viwango vya juu kabisa vilivyowahi kuandikwa. Na kila mara familia yenye uwezo, au mfadhili mwenye nia njema, anapoona video ya mkono unaosogezwa na mashine huku mgonjwa akitabasamu, swali linakuja mezani: tununue? Nimeulizwa zaidi ya mara moja.

Jibu langu huanza na swali la nani atakaa na mgonjwa. Roboti ya RATULS haikufanya kazi peke yake, ilihitaji mtu wa kumfunga mgonjwa, kumpangilia kazi, kumsimamia mwanzo hadi mwisho. Mtu huyohuyo, bila mashine, ndiye aliyetoa 50%. Hata kama tofauti hiyo haikuthibitika, hakuna hata chembe ya ushahidi kwamba kumwondoa mtu na kuweka chuma kungekuwa bora. Mahali ambapo mtaalamu mmoja wa fiziotherapia anahudumia wodi nzima, fedha ya mashine inaweza kulipa mishahara ya wasaidizi kwa miaka.

Wapo wanaorukia upande mwingine na kusema basi ndugu wa nyumbani watamaliza kazi. Nilikuwa mmoja wao, mpaka nilipolisoma jaribio la ATTEND kutoka India, lililotoka mwaka 2017. Wagonjwa 1,250 katika hospitali 14, familia zikafundishwa kuendesha mazoezi nyumbani. Baada ya miezi 6, idadi ya waliofariki au kubaki tegemezi ilikuwa sawa pande zote, 47% kwa 47%. Upendo wa familia ni mkubwa, na bado haugeuki kuwa utaalamu kwa mafunzo ya siku chache. Mfano unaonipa moyo zaidi ni ule wa GRASP kutoka Kanada, uliochapishwa mwaka 2009 ukiwa na wagonjwa 103 waliolazwa. Mtaalamu alimpa mgonjwa kitabu cha mazoezi na mfuko wa vitu vya kawaida, akamfundisha, akamfuatilia, na mgonjwa akajifanyisha mwenyewe saa moja kwa siku kwa wiki 4. Mkono ulionufaika ulikuwa wa waliopewa mfuko. Mfuko ule ukiutengeneza hapa utatia maharage ya kuchambua, vibanio vya nguo, kikombe cha bati na kipande cha kanga, na hautagharimu hata nauli ya fundi wa kurekebisha roboti.

Kwa bibi yule wa glasi nilifanya hivyo. Nilimuuliza anataka mkono umfanyie nini, akajibu bila kufikiri: "Nijifunge kanga mwenyewe. Nimechoka kuvishwa." Tukaanza na ncha mbili za kanga mezani, kuzishika, kuzivuta, kuzikutanisha, mjukuu wake akihesabu kwa kuhamisha punje za maharage kutoka bakuli hili kwenda lile. Nilikuwa namwona mara 3 kwa wiki, na kwa siku ambazo sikuwepo, mjukuu alinionyesha bakuli nikirudi. Baada ya wiki 12 nikaziweka tena glasi mbili mezani. Alichukua muda, akauma mdomo, bega likapanda karibu na sikio, lakini hakumwaga hata tone. Nikamwandikia 2.

Mtu mmoja si ushahidi, na huenda angefika pale hata bila mimi, kama wale 85 wa huduma ya kawaida. Nilimwambia mjukuu hivyo, naye hakupenda kulisikia. Kanga bibi bado anafungiwa.